Mikono Unaiweka Wapi?

Gando, Pemba
14 Januari 2024

Ndugu yangu Masoud,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila goti langu la kulia, na yule beberu wako ambaye amekula kalenda ya mwaka mpya kabla sijajua Ramadhani inaangukia lini. Mwanangu Yumna amejifungua salama kule Wingwi, mtoto wa kike, na kwa kelele ni mtoto wetu hasa. Wamempa jina la marehemu mama, Ummkulthum. Nililia sana, kisha nikaomba chai.

Utashangaa kupata barua na hali simu ninayo. Masoud, mara ya mwisho tulisemezana kwa simu ilikuwa Idi, na tulikatiana kabla ya kumaliza kuulizana hali. Mara ya kabla yake vilevile. Mimi nina miaka sitini na miwili, wewe hamsini na sita, lakini tukishika simu tunakuwa wale watoto waliogombania kipande cha muhogo. Kwenye karatasi mtu hamkatishi mwenzake. Bi Safaa, jirani yetu, anakuja Maskati kumwangalia mwanawe, na amekubali kutuchukulia barua za kwenda na za kurudi kila apatapo msafiri.

Sasa nije kwenye lililoniweka chini kuandika. Wewe unajua kazi yangu ni vyungu na vyetezo vya kufukizia ubani. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa nafinyanga chetezo, mkono ukazidisha udongo, nikaona mgongo. Mgongo wa mtu, Masoud, mtu aliyeinama. Nikamtia kiuno. Nikamvisha usumba, zile nyuzi za kumbi la nazi, kuwa kanga yake, nikamsukia mkanda wa ukindu. Urefu wake ananifika gotini. Halafu nikaingiwa na hofu ya dhambi ya sanamu, nikamfunika kwa kawa, nikaenda kwa Mwalim Othman wa chuo cha Kurani. Mwalim akafungua kitabu, akakifunga, akaniambia, "Bi Asma, kama hana kichwa, si mtu huyo. Ni chungu kilopinda tu."

Basi nafanya wasio na vichwa. Wako watatu sasa, na nataka kuwatimiza watu wote wa nyumba yetu na wa mtaa, kila mmoja kwa namna anavyokaa au anavyosimama. Nimefika kwako nikakwama. Ukisimama, mikono unaiweka wapi? Nijibu hilo tu.

Chumba chako kipo. Mlango upo, kufuli ipo, paa halivuji. Usiwe na wasiwasi nacho hata kidogo. Juu ya chumba sina la kusema.

Dada yako,
Asma binti Silima


Maskati
19 Februari 2024

Dada Asma,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako imekaa wiki tatu ndani ya mkoba wa Bi Safaa, chini ya papa mkavu, na nimeisoma nje ya mlango kwa ajili ya harufu. Hongera kwa mjukuu. Mimi mzima. Tangu mke wangu alipotangulia mbele ya haki nimeshazoea kujipikia, na wali wangu sasa unalika. Basi la skuli linakwenda. Nina watoto hamsini na wawili, na kila asubuhi mmoja hutapika na wote husema si wao.

Mikono naiweka kwenye usukani. Niiweke wapi tena? Huu mwaka wa ishirini na mbili iko kwenye usukani, tangu alfajiri mpaka alasiri. Nifinyange na basi langu.

Lakini na mimi nina swali. Kwa nini umeniambia mlango upo na kufuli ipo? Sikukuuliza. Katika barua nzima hukukisifu kitu ila mlango, na wewe si mtu wa kusifu milango. Dada, chumba kile nimekijenga kwa likizo tatu. Lile hodhi la kuogea nimelileta kwa meli, na wachukuzi wanne wa Mkoani walilibeba juu ya vichwa, watu wakasimama kando kwa heshima wakidhani ni maiti. Mara ya mwisho nilipokuja, miaka kumi na moja iliyopita, bomba lilikuwa halijavutwa, nikarudi bila ya kuoga humo hata siku moja. Nimejiwekea. Siku nikirudi nyumbani nitajinyoosha, maji yanifike shingoni, nisisikie honi ya mtu. Sina jengine ninalolitamani duniani.

Naomba unitumie picha ya chumba. Na picha ya hodhi, likiwa kavu.

Mdogo wako,
Masoud


Gando
9 Machi 2024

Ndugu yangu Masoud,

Nakusalimia kwa salamu zote ulizowahi kusalimiwa. Yumna na mtoto hawajambo. Beberu amehamia kwenye vitabu. Ramadhani imeshafika mlangoni, na kwa desturi yetu ya kuombana radhi kabla ya mfungo, nakuomba unisamehe yote niliyokukosea, uliyoyajua na usiyoyajua, hasa usiyoyajua. Ningefurahi ukiandika "nimekusamehe" sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma.

Picha sikuweza kupiga. Simu imeingia udongo.

Nikupe habari ya Mzee Kificho, jirani yetu wa upande wa mgomba. Alikuja kuazima chungio, akawakuta watu wangu wamepangwa mahali fulani wanakauka. Akasimama mbele ya mmoja, akainama, akainuka, sauti ikapanda.

"Yuno mwenye kitambi n'nani?"

"Si mtu," nikamwambia. "Hana kichwa."

"Hana kichwa, lakini anajikuna mgongo kwa pembe ya mlango! Hapa Gando pote, nani anajikuna hivo kama si mie?"

Nikamwambia wako wengi. Akaniambia nimtaje mmoja. Akaenda kumleta Mwalim Othman ahukumu. Mwalim akaja, akazunguka, akasema udongo usio na kichwa hauna jina wala hauna mwenyewe, na Kificho arudi nyumbani kwake. Nilishinda kesi, Masoud. Lakini Mwalim alipokuwa anatoka akauliza, "Na huyu aloshika makubadhi mkononi?" Hapa kila mtu anajua kuwa mvua ikinyesha Mwalim huvua makubadhi yake ya ngozi akayashika, yasiharibike. Tangu siku ile anayavaa hata kwenye tope, na juzi moja limebaki humo.

Kificho amesema hatosema na mimi mpaka nimpunguze kitambi. Nimempunguza kidogo kwa ajili ya Ramadhani.

Umeuliza hodhi. Hodhi halikai bure, lina kazi. Lina maji.

Dada yako,
Asma


Maskati
21 Aprili 2024

Dada Asma,

Idi imepita, lakini mkono wa Idi nakupa. Mimi mzima, ila nilifunga kwa hasira siku kumi za mwisho, na Mungu anajua kama zimekubaliwa. Sikukusamehe. Nilisoma mpaka mwisho kwanza, na nilifanya vizuri.

Binamu yetu Talib wa Wete alikuja kukupa mkono wa Idi, kisha akanipigia simu. Anasema hukumkaribisha ndani, ulimpa chai uani chini ya mvua, akaishikia mwavuli mwenyewe. Anasema nyumba inanuka pwani iliyooza. Anasema alichungulia dirisha la chumba changu, akaona gizani watu wamesimama, akatoa salamu, wasimjibu. Kisha ndipo akaona hawana vichwa. Talib ana sukari, dada. Si mtu wa kumfanyia hivyo.

Hodhi lina maji, sawa. Na maji yana nini?

Na jengine. Skuli imeleta mabasi mapya, na kampuni mpya yenye madereva wake. Mimi mwisho wangu ni mwezi wa sita. Usiniwazie, mambo kama haya hutokea, na huenda nikapata pengine.

Nakutumia halua kwa mkono wa mpwa wa Bi Safaa.

Mdogo wako,
Masoud


Gando
19 Mei 2024

Ndugu yangu Masoud,

Salamu nyingi, na mjukuu wako ameota jino, amemng'ata Yumna. Halua imefika. Ya Wete ni bora, lakini tumeila. Tatizo imevuja, ikaushika ukurasa wa pili, kwa hiyo ulichoandika baada ya "na jengine" sikukisoma. Kama kina maana utakiandika tena.

Nakwambia kweli sasa, maana Talib ameshanitangaza. Ndani ya hodhi mna makumbi ya nazi. Unajua mwenyewe, usumba hauji ila kumbi lilale kwenye tope la pwani miezi, lioze, ndipo lipigwe. Mama alituchukua sote wawili, na wewe ulikuwa unajificha mikokoni ili usipige. Mwaka huu goti langu limekataa kwenda pwani. Nikalitazama hodhi lako, refu, jeupe, halina mtu. Nikayatia makumbi, nikatia maji na chumvi ya mawe vikombe sita, yasione ugeni. Yamelala humo tangu Disemba na yanakwenda vizuri sana. Ni hodhi zuri, Masoud. Hukudanganywa.

Na watu wangu wamo chumbani mwako. Ni masika, nje haukauki udongo, na chumba chako ndicho chumba pekee kisichovuja, kama nilivyokuandikia mwezi wa kwanza bila ya kukuficha. Wako wanane.

Mmoja wao ni mama. Nimemkalisha anapiga makumbi, mguu mmoja ameunyoosha, mkono wa kushoto kiunoni kama alivyokuwa akipumzika. Bi Safaa aliporudi safari aliingia, akamwona, akamwamkia. "Shikamoo, Bi Ummkulthum." Lilimtoka tu. Kisha akakaa chini, akalia, na mimi nikalia, na Kificho aliyekuja kutazama kitambi chake naye akalia, akatoka bila ya kutazama.

Wewe sasa. Nimekufinyanga umeshika usukani. Kificho akauliza, "Nani yuno anapeta mchele?" Nikakuvunja. Nimejaribu mara nne, na mara zote nne unapeta mchele. Nikafungua simu nikutazame. Nina picha zako thelathini na moja, Masoud, na zote ni uso. Kila mtu katika mtaa huu namjua kwa kiwiliwili chake, hata gizani. Wewe ndugu yangu wa tumbo moja nimebaki na kichwa chako tu, na kichwa ndicho nisichoruhusiwa kukifanya. Hilo limeniuma, sikufichi. Nimelia kuliko nilivyolia kwa mama.

Hebu simama mahali, ujitazame, uniandikie.

Dada yako,
Asma


Maskati
30 Juni 2024

Dada Asma,

Natumai goti limepungua. Makumbi nimekusamehe. Hodhi bado, nipe muda.

Nilisimama, kama ulivyoniambia. Nilikwenda mpaka kituo changu cha kwanza asubuhi, lile basi jipya likapita na watoto wangu hamsini na wawili, na mmoja alinipungia mkono. Nikajitazama. Nilitia mikono mifukoni, nikaitoa. Nikaifunga kifuani, nikawa kama mtu aliyekuja kudai. Nikaiacha ining'inie, ikaning'inia. Sijui, dada. Miaka yote hii sikuwahi kuwa na haja ya kujua. Samahani, sikuweza kukusaidia.

Ile habari iliyoshikwa na halua haikuwa na maana.

Nakuja mwezi wa nane. Ni likizo tu, ndefu kidogo. Kama chumba kimejaa, usiwatoe watu wako kwa ajili yangu. Talib ana chumba Wete, nitafikia huko. Sitaki kuja kuwa mzigo nyumbani.

Masoud


Gando
20 Julai 2024

Masoud,

Wazima. Jino la pili limetoka.

Ukilala Wete mimi sikujui wewe. Talib anakoroma, na watu wangu wanane hawakoromi. Nitawasogeza ukutani, kitanda kitaingia. Teremka Mkoani kama mtu, ukodi gari, uje kwenu.

Hodhi nimelimwaga. Nusu.

Asma


Chumbani kwangu, Gando
17 Agosti 2024

Dada Asma,

Salamu hazina haja, nakusikia kutoka hapa unavyomgombeza beberu. Nakuandikia kwa sababu leo ni siku ya pili hatusemi, na uko hatua kumi na mbili kutoka kitandani kwangu. Nimezihesabu. Kumbe simu haikuwa na kosa lolote.

Nakiri nilipiga kelele. Lakini jiweke mahali pangu. Nimelingojea hodhi lile miaka kumi na moja. Nikayatoa makumbi yaliyobaki, nikalisugua kutwa nzima kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu. Nikaingia, nikajinyoosha, maji yakanifika shingoni kama nilivyotaka, na mbele yangu mlangoni amesimama Mwalim Othman asiye na kichwa, makubadhi mkononi. Nikavumilia. Jana nikaenda kusali Ijumaa, na katika safu watu wakaniachia nafasi ya mtu mzima kila upande. Mzee Kificho akaniuliza kwa huruma, "Masoud, kwani ushaanza kuuza papa?" Hapo ndipo nilipokuja nikapiga kelele, na wewe ukapiga zaidi, na ukasema kama sipendi nirudi nilikotoka.

Dada, siwezi kurudi nilikotoka. Hilo ndilo lililoniuma, si hodhi. Hii si likizo. Kazi imekwisha, na kibali cha kukaa kimekwisha nayo. Niliona haya kukwambia. Niliondoka hapa kijana, nikiringa, nikasema mimi si wa kupiga makumbi, na nimerudi na masanduku mawili na mikono isiyojua pa kukaa. Nakuuliza kwa karatasi kwa sababu kwa mdomo nitapiga kelele tena: nafasi ipo, au niende kwa Talib? Nijibu nyuma ya karatasi hii. Naipitisha chini ya mlango wa jikoni, kisha nitakaa barazani, kwenye rundo la usumba wako, nakungojea.

Mdogo wako,
Masoud


Nyuma ya karatasi hiyo hiyo
Jikoni, 17 Agosti, kabla ya alasiri

Masoud,

Salamu na mimi sitoi, bado nina hasira. Habari za nyumbani unaziona mwenyewe.

Halua haikushika kitu. Nilikisoma kile ulichokiandika siku ileile, mara tatu, na nikajua unarudi moja kwa moja. Nilisema sikukisoma kwa sababu mbili. Ya kwanza, nilitaka uniambie mwenyewe. Ya pili, makumbi yalikuwa bado miezi miwili kuwa tayari, na ningekiri kuwa unarudi ingenibidi niyatoe.

Lile neno nililokwambia jana, la kurudi ulikotoka, nisamehe. Na hili silisemi kwa ajili ya Ramadhani. Ulikotoka ni hapa.

Kwa Talib hakuna kwenda. Chumba ni chako, na hodhi kuanzia leo ni lako. Makumbi uliyoyatoa nitayarudisha pwani, yaani utayarudisha wewe, goti langu hulijui? Mwalim Othman nitamgeuza atazame ukuta, ingawa sijui atatazama kwa macho gani.

Sasa sikiliza. Nakuona kwa dirisha la jikoni. Nilipoanza kuandika ulikuwa umekaa na mikono yako imelala juu ya magoti haina pa kwenda. Kisha mkono mmoja ukashika usumba. Sasa umeukunja mguu wa kulia, unasokota kamba juu ya paja, hivyo hivyo alivyotufundisha mama, na mwenyewe hujui kama unasokota. Kamba yako mbaya sana, ina vinundu. Lakini hayo ndiyo mabega yako, na hiyo ndiyo mikono yako, na ndipo inapokaa. Nimeshauchukua udongo, ndiyo maana karatasi hii ina madoa. Umeshatoka mgongo, umeshatoka mkono wa kulia, na hupeti mchele.

Najua unangoja jibu na roho iko juu. Lakini barua hii nikikupa sasa utaishika, na ukiishika utaiacha kamba, na mimi utanipotea tena. Kwa hiyo itachelewa kidogo, kama zote. Mimi nimekungoja miaka ishirini na miwili, ndugu yangu. Wewe ningoje nimalize mkono wa kushoto.

Asma